Farasi kamwangusha joki (mpanda farasi) afu kafika mbele, anahesabiwa mshindi?

Kijana_Mwanjelwa
Habari zenu wadau. Jumamosi moja mwezi wa nne tulikuwa banda umiza hapa Mwanjelwa tunasubiri mechi, mwenye banda anahamisha chaneli mara akatua kwenye mbio za farasi za Uingereza zinaitwa Grand National, ilikuwa kama saa 12 jioni, tukamwambia acha kwanza hapohapo. Aisee. Farasi kibao wanakuja kwa pamoja wanaruka viunzi vilivyovikwa matawi, wengine wanaanguka, watu wanadondoka, na kuna mmoja alibaki mtupu hana mtu mgongoni ila akaendelea kukimbia na kuruka mpaka akawa mbele ya wenzake. Banda likagawanyika, wengine wanasema huyo ndo mshindi maana mbio ni za farasi sio za watu, wengine wanakataa. Mi nilikuwa upande wa anahesabiwa. Mechi ikaanza tukaachia hapo. Naomba kujuzwa, na kwa nini hakusimama wakati hakuna anayemwongoza?

Mnyalukolo
Hahesabiwi mkuu. Joki anapimwa uzito pamoja na tandiko kabla ya mbio na akishinda anapimwa tena, sa farasi akija peke yake utampima nani? Zamani ukidondoka ulikuwa unamkimbiza farasi wako unapanda tena unaendelea, siku hizi hairuhusiwi.

Chai_Rungwe
Mnyalukolo kasema kweli, ila huyo farasi mtupu usimdharau, anaweza kuharibu mbio nzima. Mwaka 1967 kuna farasi anaitwa Popham Down alimpoteza joki wake kiunzi cha kwanza kabisa, akaendelea kukimbia na wenzake mpaka walipofika kiunzi cha 23, ambacho ni kati ya vile vifupi pale, yeye badala ya kuruka akakata kona akapita mbele ya wenzake. Wote wakagongana, wengine wakagoma, majoki wamerushwa upande wa pili farasi wamebaki upande huu, yaani njia imeziba kabisa. Sasa kulikuwa na farasi mmoja anaitwa Foinavon, hakuna aliyemtegemea, waliombetia walipewa 100 kwa 1, alikuwa nyuma sana na kuwa nyuma kule ndo kulimwokoa maana joki wake John Buckingham alipata muda wa kuona upenyo, akapita, akaruka, akaondoka zake. Wenzake kuja kupanda upya yeye yuko mbali, hawakumpata tena. Hicho kiunzi leo kinaitwa jina lake.

Na hizi mbio chanzo chake ni ubishi kama wa hapo bandani kwenu. Mwaka 1752 kule Ireland jamaa wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka la Doneraile, kama kilomita 7, wanaufuata mnara wa kanisa tu. Chukulia mtu anatoka kanisa la Wamoraviani Rungwe anaambiwa nenda Tukuyu mjini lakini barabara usiifuate, kata mashamba ya chai, ruka makorongo, ruka uzio wa watu. Ndo hivyo. Hizi za Aintree, pale Liverpool, zinahesabiwa tangu 1839, na mwaka huohuo Kapteni Becher alidondokea kwenye mtaro wa maji na mtaro ukachukua jina lake mpaka leo. Mizunguko miwili, karibu kilomita 6.9, wanaruka mara 30.

Mama_Mafinga
Mimi nimehudumia farasi shambani miaka mitatu huku kwetu, nikujibu hilo la kutosimama. Farasi ni mnyama wa kundi, wenzake wakikimbia naye anakimbia, kubaki peke yake ndo kunamtisha. Tulikuwa tukifungulia mmoja asubuhi waliobaki wanapiga mateke milango mpaka uwafungulie wote. Kwahiyo yule hakuwa anatafuta ushindi jamani, alikuwa anafuata wenzake.

Kinachoniuma ni kwamba wengine huwa wanakufa pale, naomba na hili mlijue mnapoangalia. Farasi akivunjika mguu mara nyingi ndo mwisho wake. Wamejitahidi kurekebisha, 2013 walitoa mbao ngumu zilizokuwa ndani ya viunzi wakaweka vitu vinavyolegea, na 2024 wakapunguza farasi kutoka 40 hadi 34 na kiunzi cha kwanza wakakisogeza karibu na pa kuanzia ili wasikifikie wakiwa wamechanganya mbio. Mimi naona hata 34 ni wengi. Ila dada zetu wamo, 2021 aliyeshinda ni Rachael Blackmore akiwa juu ya Minella Times, mwanamke wa kwanza tangu zianze.

Kijana_Mwanjelwa
Asanteni sana, mama hapo kwenye kundi umenifungua macho. Kesho naenda kuwaambia wenzangu nilikosea. Swali la mwisho, zile mbio za watu za kuruka viunzi na maji zina undugu na hizi?

Chai_Rungwe
Ndo hizohizo mkuu, watu waliiga farasi, jina moja, steeplechase, na maji yako palepale. Mita 3,000, viunzi 28 na maji mara 7. Filbert Bayi wetu alipata medali ya fedha ya mbio hizo Olimpiki ya Moscow 1980, aliongoza karibu njia yote akaja kupitwa mwishoni na Mpoland, Malinowski. Mzee wangu aliisikiliza redioni na mpaka leo ukimtajia huyo Malinowski anatikisa kichwa.