Amboni, Shimoni au Mangapwani: pango lipi linafaa ziara ya wanafunzi wa kidato cha tatu?

Mwalimu wa Korogwe

Ndugu zangu, nawasalimu. Shule yetu imeniruhusu kuandaa ziara ya wanafunzi 38 wa kidato cha tatu mwishoni mwa Julai, na sharti nililopewa na mkuu wa shule ni kwamba safari ihudumie masomo mawili kwa pamoja, yaani jiografia na historia, bila kuwatwisha wazazi mchango wasioumudu. Nimekwisha kuamua kwamba tutakwenda kwenye pango lenye waongozaji wa kudumu, kwa sababu sitakubali kuwaingiza watoto wa watu gizani bila mtu anayeijua njia.

Nimebakiwa na mapango matatu. La kwanza ni Amboni, lililo karibu nasi kuliko mengine. La pili ni Shimoni, upande wa Kenya katika kaunti ya Kwale, ambalo naambiwa linaeleza habari za biashara ya utumwa kwa namna inayomgusa kila anayeingia. La tatu ni Mangapwani, Unguja, ambako kuna pango la asili na pia chumba walimofichwa watumwa. Naomba mnilinganishie kwa haki, na mzingatie kwamba miongoni mwa wanafunzi hao yumo kijana mmoja anayetembea kwa magongo, ambaye nimemwahidi kwamba hataachwa ndani ya basi wenzake wakiwa wanajifunza.

Mzawa wa Tanga

Mwalimu, karibu sana kwetu. Amboni ipo kama kilomita 8 kaskazini ya jiji la Tanga, ukiifuata barabara ya Horohoro kisha ukachepuka kuelekea Kiomoni, na basi la shule hufika bila shida wakati wa kiangazi. Yapo mapango kumi, lakini wageni huingizwa katika moja tu, ambalo ndilo kubwa. Eneo hilo lilianza kulindwa na serikali ya kikoloni mwaka 1937, likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale mwaka 1963, na siku hizi linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni wa nje, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo iombeni mapema, ili watoto wasisimame juani mkingoja mtandao urudi.

Ndani mtaona kumbi ndefu zenye dari ya juu, kisha njia inabana kiasi cha mtu mzima kuinama, na mahali pengine kutambaa. Mwongozaji atawaonyesha miamba iliyojichonga yenyewe kwa sura mbalimbali, ikiwamo ramani ya Afrika na mlima Kilimanjaro, na atawasimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao walisakwa na dola ya kikoloni katika miaka ya 1950 na inaelezwa kuwa walijificha humo. Kuna pia mahali pa mzimu, ambapo watu huja kuomba na kuacha sadaka. Nakusihi uwaandae wanafunzi wako kabla ya kufika hapo. Wasicheke, wasiguse kilichowekwa, wala wasipige picha kabla ya kuomba ruhusa, kwa maana kwa wanaokuja kuomba pale ni mahali pa ibada, na wao hawakualika wageni.

Jabali

Mimi kazi yangu ni miamba, kwa hiyo nitasema kwa upande wa jiografia tu, na kwa upande huo Amboni haina mpinzani kati ya hayo matatu. Mawe yake ni ya chokaa, yaliyotandikwa chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Mvua inaponyesha, maji huchukua hewa ya ukaa angani na zaidi katika udongo, yakawa asidi dhaifu, kisha yakipenya katika nyufa huyeyusha chokaa kidogo kidogo mpaka ufa unakuwa njia na njia inakuwa ukumbi. Baadaye, tone linaponing'inia darini, sehemu ya hewa ile hutoka na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hubaki pale pale. Ndivyo zinavyojengeka stalaktiti zinazoshuka na stalagmiti zinazopanda, mara nyingi kwa kasi isiyofika hata milimita moja kwa mwaka. Mwanafunzi akilielewa hilo mbele ya mwamba wenyewe, hatalikariri tena, atalijua. Ndiyo maana nakasirika ninapoona watu wakichora majina yao kwenye nguzo hizo, maana pigo moja la jiwe huharibu kilichojengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Shimoni na Mangapwani ni mapango ya mawe ya matumbawe, ambayo ni machanga sana kwa umri. Kanuni ya kuyeyuka ni ile ile, lakini kumbi na nguzo za kufundishia si nyingi.

Jambo lingine, Mwalimu. Wanafunzi wako watasimuliwa kwamba pango la Amboni linafika Mombasa. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na wa Kituruki waliyapima mapango hayo kumi, na lililo refu kuliko yote halikuzidi mita 900 hivi. Ningependa watoto walisikie hilo pia, tena kutoka kwako, kabla hawajaingia.

Binti Vanga

Naomba niitetee Shimoni, maana ni nyumbani. Kijiji kipo ukingoni mwa bahari kikitazamana na kisiwa cha Wasini, na njia yake huchepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa hadi Lunga Lunga. Pango lenyewe husimamiwa na wanakijiji, na mapato ya viingilio husaidia mahitaji ya jamii, yakiwamo ya shule na zahanati, jambo ambalo lenyewe ni somo zuri la uraia. Mtashuka kwa ngazi, kisha mtatembea juu ya sakafu ambayo sehemu kubwa yake ni tambarare, na mwanga huingia kwa juu kupitia matundu ya asili, kwa hiyo kiza chake si kizito kama cha Amboni. Mwongozaji atawaonyesha vipande vya chuma vilivyopigiliwa ukutani na kisima cha maji baridi kilichomo humo humo ndani, na atawaeleza jinsi watu walivyozuiliwa pale wakingoja majahazi.

Hapo hapo kijijini kuna jumba la makumbusho katika jengo la zamani la utawala wa Waingereza, nalo hueleza habari ya utumwa katika pwani nzima. Wanafunzi waingie huko kwanza, kisha ndipo washuke pangoni, kwani masimulizi ya pangoni yametoka kwa wazee na yanahitaji mtu awe na picha pana ya tarehe na njia za biashara. Wazee hao hao husema kwamba kabla ya utumwa pango lilikuwa kimbilio la wenyeji nyakati za mashambulizi, na pia mahali pa tambiko. Kwa hiyo usiwapelekee wanafunzi habari ya upande mmoja tu.

Tatizo ni mpaka. Wanafunzi Watanzania watahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua za idhini kutoka kwa wazazi wa kila mmoja. Kwa watoto 38, hiyo ni kazi ya miezi. Sisemi haiwezekani, nasema mtu asikudanganye kwamba ni ya wiki moja.

Mtembezi wa Unguja

Mangapwani ni kama kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, na wengi huchanganya sehemu mbili tofauti. Pango la asili lina maji baridi chini yake, nayo yamewafaa wenyeji kwa muda mrefu. Chumba cha watumwa kipo mbali kidogo na hapo, nacho si pango hata kidogo, bali kimechongwa katika mwamba wa matumbawe na kuezekwa ili kisionekane kutoka baharini. Kinahusishwa na miaka iliyofuata 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na soko la Unguja likafungwa, biashara ikahamia mafichoni. Kwa somo la historia sijaona mahali penye nguvu kuliko pale, hasa mkishaona kwanza Mkunazini, lilipokuwa soko lenyewe. Lakini kwa shule ya Korogwe nauli ya meli na malazi yatameza bajeti yote. Nisingekushauri kwa safari hii.

Muuguzi wa Bukoba

Sijaona aliyezungumzia popo, nami naona ndilo jambo la kwanza ambalo mzazi angeuliza. Virusi vya Marburg hukaa katika aina fulani ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Katika pango la Kitum, mlima Elgon nchini Kenya, wageni wawili waliolitembelea waliugua na kufariki, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, na nchini Uganda mtalii aliyeingia katika pango la chatu ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth alifariki mwaka 2008. Sisi wa Kagera tuliuona ugonjwa huo kwa macho mwaka 2023. Sisemi kwamba popo wa Amboni wana virusi hivyo, na wala sikusudii kuwatisha watoto. Nasema tu kwamba tahadhari zake ni nyepesi na hazina gharama.

Kila mwanafunzi avae barakoa, viatu vya kufunika mguu na shati la mikono mirefu. Asiguse popo aliye hai wala aliyekufa, asitie mkono mahali penye kinyesi chao, na asile chochote ndani. Mkitoka, mnawe kwa sabuni kabla ya kufungua vyakula, na mwenye jeraha lililo wazi alifunge vizuri kabla ya kuingia. Vumbi la kinyesi cha popo hubeba pia kuvu inayodhuru mapafu, kwa hiyo mwenye pumu nisingemruhusu aingie katika njia zile nyembamba, hata akilia. Waulizeni wazazi kwa maandishi kuhusu pumu na kifafa.

Mwalimu wa Korogwe

Nawashukuru nyote, hasa Muuguzi, kwani barua kwa wazazi nitaiandika upya kwa kufuata maneno yako. Shimoni naiweka kando kwa sababu ya hati za safari, na Mangapwani kwa sababu ya fedha. Kinachonisumbua ni kwamba Amboni inanipa jiografia tele lakini historia inayonihusu darasani, yaani ya biashara ya utumwa na uvamizi wa wakoloni, siioni pale. Je, nibadilishe lengo la ziara, au kuna njia nyingine?

Mzawa wa Tanga

Usibadilishe lengo, ongeza kituo. Asubuhi muwe Amboni, kisha mpite mjini na kushika njia ya kusini. Kama kilomita 17 kutoka Tanga mtafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, kisha mwendelee mpaka Pangani. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara, na watumwa na pembe za ndovu vilipitia pale kwenda Unguja. Ni pale pia ambapo Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa mwezi Desemba 1889. Mada zako zote mbili za historia zipo katika mtaa mmoja wa mbele ya mto, na hakuna mpaka wa kuvuka.

Kuhusu alilosema Jabali, takwimu zake sizipingi. Lakini nakuomba, Mwalimu, usiwakataze waongozaji kusimulia habari ya njia ya Mombasa. Babu zetu walisimulia hivyo kwa sababu walijua watu waliotembea kati ya pwani hizi mbili, wenye ndugu, lugha na mizimu huku na kule, na ukilifuta simulizi hilo unafuta pia ushahidi wa uhusiano huo.

Jabali

Nakubali lisimuliwe, mradi lisimuliwe kama simulizi. Ninachokataa ni mtoto kuandika katika mtihani kwamba pango lina urefu wa kilomita mia na kitu.

Binti Vanga

Hata huku upande wetu husimuliwa hivyo hivyo, na Wadigo wapo pande zote mbili. Mwalimu anaweza kuligeuza kuwa swali zuri la darasani: tunajuaje tunachokijua kuhusu zamani? Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba wamepata kaburi la mtoto wa takriban miaka mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, tena pango hilo hilo ni mahali patakatifu kwa Wamijikenda. Vipimo na masimulizi vimekaa humo pamoja.

Mwalimu wa Korogwe

Nimeamua: Amboni, Tongoni na Pangani, kwa siku mbili, tukilala Tanga. Limebaki suala la kijana wangu wa magongo. Je, ataingia?

Mzawa wa Tanga

Ataingia, lakini si mwendo wote. Ukumbi wa mwanzo una nafasi ya kutosha, ingawa sakafu haiko sawa na mahali penye unyevu huteleza, kwa hiyo ncha za magongo ziwe na mpira mpya na awe na wenzake wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Njia za kutambaa asizijaribu. Nenda mapema uonane na waongozaji, uwaombe wagawe kundi mara tatu, kwani watu 38 kwa pamoja hawasikii anachosema mwongozaji hata hivyo, na uwaombe mmoja wao abaki na kijana huyo ukumbini akimweleza kwa utulivu. Nguzo zilizo karibu na mlango zinatosha kabisa kwa somo alilolieleza Jabali.

Jabali

Tena mpe kazi. Achukue kipimajoto, asome joto la nje kabla ya kuingia na la ndani ya ukumbi kila baada ya nusu saa, wenzake wakiwa kwenye zile njia nyembamba. Mtakaporudi darasani, takwimu zake ndizo zitakazotumika kuchora grafu ya darasa zima, maana mwenye kutambaa hawezi kushika kalamu.