Mrejesho: kuwinda sungura kwa upinde ili kunoa shabaha

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama kuwinda wanyama wadogo kwa upinde kunanoa shabaha kuliko kupiga ubao uleule kila siku, na nifunge ncha gani kwenye mshale. Wengi mlisema nianze na visiki vilivyooza, ndipo niende kwa sungura. Nimefuata, na asanteni sana.

Faida kubwa ni kukadiria umbali. Kwenye ubao umbali unaujua tayari. Porini sungura anatokea pembeni ya kichaka, wewe umepiga goti, tawi linakaribia kugusa upinde, na muda ulionao ni pumzi moja. Hapo nimeelewa kwa nini mlisisitiza kidole kiguse pembe ya mdomo kila unapovuta: macho yako kwa mnyama, mkono lazima uijue njia wenyewe.

Ncha butu nazikubali. Zinaua kwa kishindo badala ya kukata, ila upinde uwe na nguvu ya kutosha na pigo liwe la kichwa au kifua, la sivyo mnyama atateseka bure. Nafasi isipokuwa safi, siachii mshale. Kwa kindi aliye juu ya mti, tumia mishale ya manyoya mapana. Inapoteza kasi mapema, haipotelei mbali.

Kibali na msimu wa uwindaji, hakikisheni kwanza.

Sasa nataka kujaribu ndege anayeruka. Mnaoweza, mnalenga mbele yake kiasi gani?