Dar hadi Matema kwa gari Julai hii, hifadhi na maziwa njiani: tukate wapi?

Kijana wa Goba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaozijua Nyanda za Juu Kusini.

Mimi na mke wangu tumefanikiwa kuoanisha likizo zetu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tufunge ndoa. Ni siku 12, kuanzia Jumamosi ya katikati ya Julai. Wengi wametushauri Zanzibar au Arusha, lakini sisi tunataka kuendesha wenyewe kuelekea kusini magharibi, tulale njiani, tuone nchi. Gari ni RAV4 ya zamani, nzima, inavuta matairi yote manne. Mke wangu naye ni dereva mzuri, tutapokezana usukani.

Orodha yetu ni hii: Mikumi, Udzungwa (maporomoko ya Sanje), Ruaha, Kitulo, Ziwa Ngosi, Ziwa Kisiba, tumalizie Matema kwenye Ziwa Nyasa. Kila tukikaa na ramani, siku zinaisha kabla hatujafika Matema. Mimi moyo wangu uko Ruaha. Mwenzangu anataka milima na maziwa, na anataka angalau siku mbili za kukaa bila kufunga mabegi asubuhi. Hakuna kati yetu anayetaka kumnyima mwenzake, ndiyo maana nimekuja hapa.

Tukate wapi? RAV4 itaiweza Ruaha? Na hiyo Kitonga inayosimuliwa (mlima wenye kona kali kabla ya Iringa), mtu ambaye hajawahi kuipanda na gari ndogo aiendee vipi?

Suka wa Tanzam

Nianze na Kitonga kwa sababu nimepita pale na lori miaka mingi.

Kupanda hakuna shida kwa gari dogo. Shida ni subira. Unakuta foleni ya malori yenye mzigo yanapanda taratibu, kona imefungwa, huoni mbele, na nyuma yako kuna mtu anapiga honi. Usi-ovateki pale. Hata kama lori limekuwashia indiketa kukupa njia, subiri uone barabara kwa macho yako mwenyewe. Mlima wote si mrefu kiasi cha kukupotezea siku.

Kushuka, wakati wa kurudi, ndiko kwenye mtihani. Weka gia nzito kabla hujaanza kuteremka. Kama gari ni otomatiki shusha kwenye L au 2, acha injini ishike gari, breki uiguse tu inapobidi. Anayekanyaga breki mfululizo kuanzia juu, akifika chini breki zimechemka na hazishiki tena. Na acha nafasi kubwa na lori lililo mbele yako, maana hujui breki zake zikoje.

La pili: msiendeshe usiku. Panga kila siku muwe mmefika mnapolala kabla jua halijazama. Malori mabovu yanaegeshwa barabarani bila taa, yamewekewa majani tu kama alama. La tatu: vijijini ni 50 na tochi za trafiki zipo kila mahali, msijisahau kwenye miteremko.

Binti Iringa

Karibuni nyumbani, kaka na shemeji. Mimi ningesema Udzungwa iondoke kwenye orodha, na si kwa sababu ni mbaya. Ni nzuri mno kwa kupitiwa. Ile hifadhi haina barabara za kuzungukia kwa gari, kila kitu ni kwa miguu, na lango la Mang'ula mnalikuta mkiacha barabara kuu pale Mikumi na kushika njia ya Ifakara, zaidi ya kilomita 60. Maporomoko ya Sanje ni mita 170, na kuyafikia ni kupanda. Mkienda na kurudi kwenye barabara kuu mmemaliza siku mbili, na miguu imechoka kabla safari haijaanza. Wekeni wikiendi nyingine. Toka Dar ni karibu.

Mikumi nayo mtaiona bila kuingia getini. Barabara kuu inakata ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50, na mkipita asubuhi au jioni mtakutana na twiga, swala, nyani, pundamilia, mara nyingi na tembo. Fuateni vibao vya mwendo. Ukigonga mnyama pale unalipia, na kila mnyama ana bei yake.

Mbuyuni

Natofautiana kidogo na dada hapo juu. Kama shemeji hapendi sana habari za wanyama, kwa nini wasiache Ruaha, waingie Mikumi siku moja? Kutoka Iringa mjini hadi Ruaha ni zaidi ya kilomita mia kwenda tu, tena mnarudi njia ileile. Vumbi, matuta, mbung'o. Siku tatu zimeondoka. Siku tatu hizo wangekuwa Matema wamekaa.

Zamani Porini

Nimefanya kazi hifadhini, sasa nimestaafu. Naomba nieleze tofauti ili wachague wakijua.

Mikumi ni hifadhi nzuri na iko karibu. Ruaha ni kitu kingine. Julai nyasi zimeanza kulala na maji yamebaki sehemu chache, kwa hiyo wanyama wanayafuata mtoni. Ukikaa karibu na Mto Mwagusi, ambao kiangazi juu unabaki mchanga mtupu, unaona tembo wanachimba kwa miguu na mkonga mpaka maji yanachuruzika, kisha wanyama wengine wanasubiri zamu kwenye mashimo yaleyale. Unakuta tandala mkubwa na tandala mdogo ndani ya hifadhi moja. Kuna swala wakubwa kama palahala na korongo, kuna makundi makubwa ya simba, na mkibahatika mbwa mwitu. Na kuna utulivu. Unaweza kukaa na simba asubuhi nzima bila gari jingine kutokea.

Tena mleta mada ajue hali ya ule mto wenyewe. Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi, kwa sababu ya maji yanayochukuliwa huko juu Usangu kwa mashamba ya mpunga na mifugo iliyoingia kwenye ardhioevu. Ndiyo maana mwaka 2008 bonde la Usangu liliunganishwa na hifadhi. Mtakapopita Chimala na Igurusi kuelekea Mbeya mkiona mpunga kulia na kushoto, kumbukeni mabwawa ya viboko mliyoyaona kule. Ni maji yaleyale. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuziona sehemu zote mbili katika safari moja.

RAV4 itafika kiangazi, barabara kuu za ndani zinapitika. Msijitie kwenye mito ya mchanga. Jazeni mafuta Iringa, bebeni maji ya kutosha, tairi la spea lenye upepo na jeki inayofanya kazi. Nguo za bluu na nyeusi acheni begini, mbung'o wanazipenda. Lala usiku mbili Msembe kwenye mabanda ya hifadhi, ni ya bei inayobebeka. Wekeni nafasi mapema. Malipo ni kwa namba ya malipo, si fedha mkononi, na mbebe vitambulisho vya taifa mlipe kama raia.

Kitulo ndiyo ningeikata. Watu wanaiita Bustani ya Mungu, na ni kweli, lakini maua yanachanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Julai mtakuta nyasi zilizokauka na baridi ya kuganda umande. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Rudini Februari mkaone zile okidi, zaidi ya aina 40. Watu walikuwa wanazichimba mizizi na kuipeleka Zambia kwa chakula, na hilo lilichangia uwanda ule kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Zinastahili kuonwa zikiwa hai.

Mke wa Goba

Habari zenu. Ni mimi mwenyewe mke wa mleta mada, nimejiunga baada ya kusoma.

Mzee wangu wa Porini, shikamoo. Hayo ya tembo kuchimba maji na mto kukauka sikuyajua. Nilifikiri Ruaha ni kuzunguka juani kutafuta simba. Nakubali usiku mbili Msembe. Kitulo niliitaka mimi, kwa ajili ya maua, na kama maua hayapo Julai basi sina sababu ya kuing'ang'ania.

Swali langu ni Ngosi. Nimeona picha za ziwa la kijani chini ya kuta za msitu. Je, kupanda kunahitaji mtu wa mazoezi? Mimi ni mtu wa kazi ya kukaa ofisini. Na Matema Julai tunaweza kuogelea?

Mnyaki wa Katumba

Ugonile dada! Umeuliza nyumbani kwetu.

Ngosi ni ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano iliyobomoka. Unatoka Uyole, pale Mbeya, unashika barabara ya Tukuyu, kisha unaacha lami kwa mkono wa kulia kuingia vijijini. Gari linafika mpaka linapoishia, halafu ni mguu, kama saa moja au zaidi kidogo kwa mtu asiye na haraka. Mwanzo ni njia ya kawaida ndani ya msitu, mianzi na migomba pori. Kipande cha mwisho ndicho kinachosimama, unashika mizizi. Ukitulia na kupumzika utafika, nimeona bibi wanafika. Ukifika ukingoni ziwa liko chini yako kabisa, mbali kuliko ulivyodhani, na hakuna mto unaoonekana kutoka humo.

Mambo matatu. Chukueni mwongozaji kijijini na mlipie kiingilio, msitu una njia nyingi. Nendeni asubuhi, kwa sababu mchana ukungu unaingia na mnaweza kusimama juu mkaona weupe mtupu. Na msishuke hadi kwenye maji. Kuna kinjia, lakini ni kuta, na udongo wetu haukauki hata kiangazi. Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, Julai hukosi manyunyu. Viatu vya kushika ardhi, sweta, na koti la mvua.

Wazee wana habari zao za Ngosi na za Kisiba. Kisiba, wengine wanaliita Masoko, ndilo wanalosema Wajerumani walitupa fedha na silaha wakati wa Vita vya Kwanza. Majengo yao yapo jirani pale. Kisiba hakuna kupanda, gari linafika karibu, kwa hiyo liwekeni siku mliyochoka.

Matema maji ni ya kuogelea na ufukwe ni mchanga safi, milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani. Ila Julai ni msimu wa upepo wa kusini. Siku nyingine ziwa linachafuka na mawimbi yanakuwa ya baharini. Muulizeni mvuvi kabla ya kuingia, na mitumbwi msipande siku ya upepo. Kutoka barabara ya Kyela mnakunja Kikusya, mnapita Ipinda, ni kama kilomita 39. Joto la kule ni tofauti kabisa na Tukuyu, na mbu wapo, laleni ndani ya neti. Wali wa Kyela na samaki aina ya mbasa msiuache.

Binti Iringa

Nyongeza moja kwa shemeji. Njia ya kwenda Ruaha inapita jirani na Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa. Kuna makumbusho madogo na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ni saa moja tu ya kusimama. Na mkitoka Iringa kuelekea Mafinga kuna Isimila, nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Nendeni kabla jua halijawa kali, mle bondeni hakuna upepo.

Kijana wa Goba (mleta mada)

Nawashukuru sana wote, tumekaa tukaandika upya. Udzungwa na Kitulo zimetoka. Ratiba imekuwa hivi:

Jumamosi Dar hadi Mikumi mjini, tulale. Jumapili Kitonga asubuhi na Iringa. Jumatatu Kalenga, kisha Ruaha usiku mbili. Jumatano tunatoka, tunalala Makambako. Alhamisi Mbeya, tupumzike mapema. Ijumaa alfajiri Ngosi, halafu tunateremka hadi Matema. Jumamosi na Jumapili hatuendi popote. Jumatatu mchana Kisiba, tulale Tukuyu. Jumanne Iringa, Jumatano Dar.

Naomba mnaojua mseme kama kuna siku imebanwa.

Suka wa Tanzam

Jumatano ndiyo nzito. Kutoka hifadhini hadi Makambako inawezekana mkitoka asubuhi na mapema, lakini mkichelewa na tembo wenu msilazimishe, laleni Mafinga. Ni baridi, kuna vyumba, na kesho yake Mbeya bado inafikika mchana kweupe.

Mnyaki wa Katumba

Na hiyo Jumamosi ya Matema mmeipatia bila kujua. Jumamosi ndiyo soko la vyungu Lyulilo, kijiji kinachofuata kando ya ziwa. Akina mama wa Kikisi wanaleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wanafinyanga wenyewe kwa mikono. Mnatembea kwa miguu kutoka Matema. Nendeni asubuhi, na mbebe nguo kuukuu za kufungia, maana kutoka Kyela hadi Dar vyungu vinapasuka.

Mke wa Goba

Basi mabegi yatapungua nguo, nafasi ya vyungu ibaki. Mnyaki, naomba unitumie ujumbe wa faragha nipate mwongozaji wa Ngosi unayemwamini.