Kwa nini mwamuzi wa kikapu hutaja rangi ya jezi badala ya jina la timu?

Karani wa Meza:
Wanajukwaa, salaam. Hivi karibuni niliketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya waamuzi, katika mashindano ya mpira wa kikapu ya shule, nikiwa nimekabidhiwa karatasi ya kumbukumbu ya mchezo. Majina ya Timu A na Timu B yalikuwa yameandikwa juu kabisa, lakini kila ilipotokea faulo mwamuzi alisimama mbele yetu, akataja rangi, akaonyesha namba kwa vidole na kurudi mchezoni. Katika robo ya tatu alisema "nyeusi, saba", nami kwa kelele za ukumbini nikasikia "nyeupe", nikamwandikia faulo ya tano kijana asiyehusika, akaambiwa atoke. Kocha wake alikuja juu, na ilichukua muda kurekebisha. Je, jina la timu lina ubaya gani?

Filimbi Moja:
Pole, ndugu Karani, yamewakuta wengi. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataka timu iliyotajwa kwanza kwenye ratiba, yaani mwenyeji, ivae rangi nyepesi, ikiwezekana nyeupe, na ya pili ivae rangi iliyokolea, ila zikikubaliana zinaweza kubadilishana. Kwa hiyo mwamuzi hawezi kukisia mwenyeji kwa kutazama jezi, na kwa kuwa timu hubadilishana vikapu kipindi cha pili, upande wa uwanja nao haumsaidii. Mikono ikiwa imesongamana chini ya kikapu, anachoondoka nacho kichwani ni rangi na namba tu. Kuigeuza rangi iwe jina ni kazi yako wewe uliyeketi, hivyo kabla ya mchezo weka kikaratasi mbele yako: A nyeupe, B nyeusi.

Vidole navyo visomwe kwa utulivu. Kwa namba 16 mwamuzi hukuonyesha kwanza kidole kimoja, mgongo wa mkono ukikuelekea, maana yake kumi, kisha vidole sita, viganja vikikuelekea. Enzi za namba 4 hadi 15 hatukuwa na hesabu hizi. Siku hizi kuna 0, 00 na 1 hadi 99.

Mama Kikapu:
Mimi naona kosa si la Karani peke yake, bali ni la masikio na lugha yetu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu: zote zinaanza na "nye", na ukumbi ukilipuka kwa shangwe, silabi ya mwisho humezwa. Ndiyo maana waamuzi wengi hapa husema "waiti" na "bluu", na katika mechi za kimataifa FIBA hupendekeza kwamba ishara ziambatane na maneno ya Kiingereza. Nikipuliza mwenyewe, huongeza kunyoosha mkono kuelekea benchi la aliyekosea.

Winga wa Zamani:
Kwenye raga rangi huelekezwa kwa wachezaji wenyewe: "bluu, rudi nyuma", kabla hata adhabu haijatolewa. Kwenye soka, Ufaransa na Hungaria zilifika Mar del Plata, Argentina, katika Kombe la Dunia la 1978 zote zikiwa na jezi nyeupe, ikabidi Wafaransa waazime za klabu ya hapo, Kimberley, zenye mistari ya kijani.

Karani wa Meza:
Ahsanteni sana. Jumamosi timu zetu ni nyekundu na nyeusi, kwa hiyo nitamwomba mwamuzi mapema kwamba hao wa kwanza awaite "redi".