Nimeitwa jukwaani nikadhani cheti, kumbe maiki imekata!

FundiChokaa_Shangani

Assalamu alaikum wakuu. Sijalala. Saa tisa za usiku hizi, mke wangu kanigeuzia mgongo katazama ukuta, na ukuta wenyewe nimeupiga lipu mimi, hauna hata ufa, ila nani ana habari.

Nyote mnamjua. Simtaji. Yule mwenye suti ya rangi ya embe bovu, ambaye kila shughuli mjini humu lazima maiki aishike yeye. Harusi yeye. Ufunguzi wa duka yeye. Siku nikifa nna hakika atapanda juu ya jeneza langu aulize, "Huko nyuma mnanisikia?"

Basi jana jioni pale bustani ya Forodhani, hapa Unguja, kulikuwa na shughuli ya kuwashukuru wanaotunza bustani na majumba ya Mji Mkongwe. Nikaletewa kadi. Kadi ya karatasi ngumu wakuu, ina utepe! Wiki mbili imesimama juu ya friji, kila mgeni akija namwambia chukua maji ya baridi mwenyewe, ili aione. Siku ikafika, nikavaa kanzu ya Idi na kofia niliyoolea. Mke kashona dera jipya. Mama mkwe, ambaye tangu nimuoe mwanawe ananiuliza lini nitapata kazi ya maana, kaja na kiti chake mwenyewe kutoka Jang'ombe. Kakibeba ndani ya daladala.

Tumekaa. Upepo mzuri, watoto wanaruka baharini, moshi wa mishikaki unatupitia. Mara yule bwana kutoka jukwaani, kwa sauti ya mdomo: "Fundi! Fundi yuko wapi? Fundi apande juu!"

Mimi ni nani? Mimi ni fundi. Baba yangu fundi, babu yangu fundi. Mwaka 2009 bustani hii ilipofunguliwa upya mwezi wa Julai mimi nilikuwa kijana mbeba mchanga mjini humu, nyusi zangu nyeupe kwa chokaa kama mzuka. Nikasimama. Mke wangu kapiga kigelegele kilichowarusha kunguru wote mpaka Ngome Kongwe. Mama mkwe kasimama juu ya kile kiti. Nikapanda kwa Bismillahi, mikono miwili mbele kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Akanipa maiki.

Akanisogelea sikioni: "Imekata. Itizame haraka."

Wakuu. MAIKI. Ya moto, imelowa jasho lake, mlango wa betri umefungwa kwa mpira wa pesa. Na mikono yangu bado iko mbele, miwili. Na kigelegele nyuma kinaendelea, kwa sababu kwa kule aliko mke wangu ile maiki ilikuwa inang'aa kama zawadi.

"Imekata. Itizame haraka." Mtu mzima! Mbele ya mama mkwe!

Vyeti vikaja kutolewa baadaye. Kapewa aliyeleta maturubai. Kapewa aliyeleta maji ya chupa. Kapewa mtu mmoja kwa "kuipenda bustani", nilivyomjua mimi hupenda kulala humo mchana. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mama mkwe nyuma yangu na kiti chake, haneni kitu. Afadhali angenena.

Nishaurini kabla sijafanya jambo.

MtotoWaVikokotoni

Pole sana mkuu. Klipu nimeiona mara kumi na nne. Pale penye mikono miwili ndipo ninaporudisha nyuma.

Suali moja tu. Uliitengeneza?

PwezaWaKuchoma

Na mimi nauliza hilo hilo. Uliitengeneza au hukuitengeneza?

FundiChokaa_Shangani

Hilo silo lililonileta hapa.

BiNyanya

Mie nilikuwa safu ya tatu, waulizeni waliokuwepo. Kaitengeneza. Kakaa kitako pale pale jukwaani na kanzu yake, kafungua, kageuza betri, kaipiga makofi mawili, kaipulizia fuu fuu, sauti ikafika Malindi. Tena watu wakampigia makofi kuliko wote waliopewa vyeti. Mie mwenyewe nilipiga. Nilidhani ndiyo kazi yake.

MtotoWaVikokotoni

😂😂😂 Nimekufa. Nizikeni, ila maiki asishike yeye.

FundiChokaa_Shangani

Betri moja ilikuwa imewekwa kichwa chini! Ningefanyaje, niiache? Mtu una jicho, unaona kitu kimekaa upogo, mkono unakwenda wenyewe. Na hicho ndicho kinachonikereketa zaidi. Nimemtengenezea, na kwa maiki ile ile akatushika karibu saa nzima kuwashukuru wadau. Kashukuru upepo. Kashukuru mwezi kwa kutoka kwa wakati. Mimi niko ubavuni mwake nimesimama, maana kanambia nisishuke, isije ikakata tena.

Mgeni_Mbagala

Samahani wakuu, mimi wa bara. Huo ufundi chokaa ni nini hasa mpaka upewe cheti? Si mnaweka saruji mnamaliza?

BiNyanya

Haya. Kishauwasha.

FundiChokaa_Shangani

Wewe ndiye. Wewe ndiye unayeuua mji huu, na hujapata hata kuvuka na boti.

Sikiliza bwana wa Mbagala. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe, na tumbawe linakunywa maji kama sponji. Mvua inaingia, maji ya ardhini yanapanda na chumvi yake. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na unatoka. Ukija wewe na mfuko wako wa saruji umeuziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inakauka inageuka punje, punje zinaisukuma lipu, mwaka wa pili inabambuka vipande vipande kama ngozi ya mtu mwenye surua. Na boriti je? Sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, vichwa vyake vimechomekwa ukutani humo humo. Ukuta ukikaa na maji, vichwa vinaoza, huoni kitu, mpaka siku ghorofa inakuja kukuamkia sebuleni.

Na chokaa haiji kwenye mfuko ukakoroga ukapiga siku hiyo hiyo. Jiwe linachomwa tanurini juu ya magogo. Linamwagiwa maji, linachemka lenyewe bila moto, ukisogeza uso umekwisha. Halafu unaliloweka shimoni liive. Mimi langu hukaa miezi. Ukichota unakata kwa mwiko linakatika kama siagi, hapo ndipo unajua limekubali. Lile baraza la nyuma ya bustani ambalo mtu kalipaka saruji likaota vidonda, nimelibandua lote kwa mkono, nimelipiga upya, bure, Ramadhani, nimefunga.

Nimengoja miezi chokaa iive. Yeye hakuweza kungoja nifike jukwaani vizuri. "Imekata. Itizame haraka."

Mgeni_Mbagala

Nimeelewa mkuu. Nyumba yangu ni tofali za saruji, nilale au nihame?

Mzee_wa_Garimoshi

Vijana mnapiga kelele za maiki, hapo mlipokaa hampajui. Bustani ile imepandwa kwa ajili ya yubile ya Sultani Khalifa bin Harub, alipotimiza miaka 25 ya kiti mwaka 1936, ndiyo ikaitwa Jubilee Gardens. Kabla yake hapakuwa na maua, palikuwa na forodha, mizigo na garimoshi la Bububu likipita na moshi wake. Baada ya Mapinduzi ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Jina la forodha ndilo lililowashinda wote. Kibanda cha bendi mnachokipigia picha za harusi, walikuwa wakipiga bendi kweli, si huo mziki wenu wa betri.

MtotoWaVikokotoni

Mzee, na wakati huo maiki ikikata wakimwita nani?

Mzee_wa_Garimoshi

Watu walikuwa na vifua.

KijanaWaLikoni

Nyinyi mwalia maiki? Njooni Mombasa mwone. Hapa Mama Ngina pametengenezwa mwaka 2019, pamekuwa pazuri mashallah, mibuyu ile ya zamani imeachwa imesimama pale pale, kuna pa kukaa, kuna upepo. Lakini wikendi ukaenda na mkeo, ukanunua muhogo wenu wa kukaanga na ndimu na pilipili, mukakaa mwatazama meli, atakuja mtu asimame mbele yenu na simu akipiga picha ya bahari. Si dakika moja. Nusu saa! Meli kubwa yapita nyuma yake mimi natazama mfuko wa suruali yake. Nani atanipa mimi cheti cha subira?

PwezaWaKuchoma

Huyo wa mfuko wa suruali ni huyo huyo wetu. Alisafiri.

Mgeni_Mbagala

Kwa bustani za kale na sisi tunayo, Botaniko Gadeni pale Posta karibu na Makumbusho. Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mimea ya biashara, na mpaka leo kuna ule mnazi wa Shelisheli wa nazi pacha, ukiuona utacheka kama hujaenda na mkweo. Niliwahi kwenda na kikundi kimoja kung'oa magugu Jumamosi nzima, jua la Dar mnalijua. Jioni wakatushukuru kwa fulana. Yangu imeandikwa "Balozi wa Mazingira", saizi ya mtoto wa chekechea. Binti yangu ndiye balozi sasa.

FundiChokaa_Shangani

Wewe fulana umepewa. Mkononi. Hukuambiwa uitizame haraka.

BiNyanya

Jamani tuwe wakweli, shida ya Forodhani si chokaa wala yule bwana. Shida ni paka. Nimenunua changu wa kuchoma juzi, nageuka kuchukua limau, nimebaki na kijiti.

PwezaWaKuchoma

Paka wanalipa bei sawa na sisi, wanaiba kwa sababu wamechoka. Pizza ya Forodhani ukisema "shikamoo" kwa lafudhi ya bara, bei inapanda ghorofa moja. Ukisema "hi" inapanda mbili. Mie mzaliwa wa Mkunazini, nimekwenda na miwani ya jua, nikatajiwa kwa dola.

MtotoWaVikokotoni

Nani alikwambia ule pizza Forodhani? Pale unakunywa juisi ya miwa ya tangawizi na ndimu, unaondoka. Urojo unakwenda kuula mitaani.

PwezaWaKuchoma

Mitaani wapi? Urojo wa mitaani siku hizi ni maji ya manjano na chipsi za muhogo zinaogelea zinatafuta bajia.

BiNyanya

Urojo wa siku hizi hauna embe. Wanatia ukwaju tu wanakwambia ndiyo ukali wenyewe. Ukwaju si embe.

KijanaWaLikoni

Embe ndani ya mchuzi wa viazi? Nyinyi watu mko sawa?

FundiChokaa_Shangani

Bi Nyanya kasema kweli tupu. Urojo bila embe mbichi ni uji wa mgonjwa. Na embe lisichemshwe likapondeka lote, liachwe na nyuzi kidogo, ulimi uisikie. Chatne ya nazi juu, kachori moja, bajia mbili, yai. Mishikaki akitaka mwenyewe.

BiNyanya

Mishikaki lazima.

FundiChokaa_Shangani

Si lazima. Mama mkwe hali mishikaki, na urojo wake ni urojo.

BiNyanya

Kishasema nawe huyo mama mkwe?

FundiChokaa_Shangani

Asubuhi hii. Kaniuliza redio yake naweza kuitizama.

Abdi_Spika_na_Maturubai

Samahani fundi, naona uko hewani. Nina shughuli ya harusi Jumamosi Kikwajuni, spika yangu moja inakoroma. Unaweza kupita?

FundiChokaa_Shangani

Mimi ni fundi CHOKAA!!! Hivi hamsomi?

FundiChokaa_Shangani

Inakoroma vipi? Muda wote, au ukiongeza sauti?

Abdi_Spika_na_Maturubai

Ukiongeza sauti.

PwezaWaKuchoma

Toeni spika zenu hapa, tunazungumza embe.