Mtoto anaanza piano, tupo Tanga: kinanda cha 61, piano ya umeme ya 88, au ya mbao?

MamaNunu
Habari za humu wakuu. Binti yangu ana miaka 7. Mwalimu wa kwaya amekubali kumfundisha piano, ila anataka nyumbani pawe na cha kufanyia mazoezi. Nimeona vitatu: kinanda cha Yamaha PSR-F52 chenye vibonye 61, piano ya umeme ya vibonye 88, na piano ya mbao ya zamani ambayo mzee mmoja huku Raskazone anaiuza bei ya kutupa. Moyo wangu uko kwenye ya mbao. Nishaurini.

FundiNgamiani
Dada, ya mbao achana nayo. Humo ndani kuna nyuzi za chuma zaidi ya 200, zimekazwa kwa vigingi vilivyopigwa kwenye ubao. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu: nyuzi zinashika kutu, ubao unavimba na kusinyaa, vigingi vinalegea, sauti zinashuka. Ukishindwa kujizuia, fungua kifuniko cha juu umulike kwa tochi ya simu. Ukikuta wekundu wa kutu, au kibonye ukikibonyeza kinabaki chini, aga urudi nyumbani. Mimi natengeneza amplifaya na vinanda vya umeme, ya mbao siigusi, na sijui hapa mjini utampata nani wa kuigusa.

BesiYaPili
Fundi kamaliza. Sasa hizo mbili. Shida ya F52 si hivyo vibonye 61, hizo ni oktava tano na kwa masomo ya mwanzo zinatosha kabisa. Shida haisikii uzito wa kidole. Bonyeza taratibu, bonyeza kwa hasira, sauti ni ileile, kama kengele ya mlangoni. Mtoto hatajifunza kupiga polepole wala kwa nguvu, na hiyo ndiyo nusu ya piano. Kama hela ya 88 haijafika, panda ngazi moja tu: PSR-E373 ina vibonye 61 vilevile ila inasikia kidole.

MwanaTaarabu
Mbona hamuulizi mtoto anataka kupiga nini? Tanga hii ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star! Zipo nyimbo za taarabu zinazotaka robo sauti, yaani sauti iliyo katikati ya noti mbili jirani, na kuna vinanda unavyoweza kuvishushia noti moja moja mpaka hapo. Piano ya mbao haikupi hiyo. Muacheni aanze na kinanda, aburudike kwanza.

BesiYaPili
Mkuu, kuburudika sawa, ila F52 nayo hiyo robo sauti haikupi. Vidole kwanza. Aliyezoea vibonye vizito kama vya piano ya mbao akihamia kinanda chepesi hapati taabu. Anayetoka kwenye vyepesi ndiye anayelalamika mikono inauma.

MwanaTaarabu
Hapo sibishi. Ila akifika miaka 12 mleteni kwetu 😂

MamaNunu
Asanteni. Na umeme ukikatika?

FundiNgamiani
Angalia kabla ya kununua. Yamaha P-145 ni adapta tu, umeme ukienda na somo limekwenda. Casio CDP-S110 ina vibonye 88 vizito na inakubali betri 6 za AA. Usiiweke karibu na dirisha la upande wa baharini, na akimaliza kupiga ifunike kitambaa. Jambo jingine watu hulisahau: kiti. Viwiko vya mtoto viwe sawa na vibonye, na miguu isining'inie, muwekee hata kigoda.

BesiYaPili
Ukipata iliyotumika, bonyeza vibonye vyote kimoja kimoja, vyeusi pia. Kila kimoja mara mbili: taratibu, kisha kwa nguvu. Muuzaji akikuharakisha, ujue anajua kipi kibovu.

MamaNunu
Basi ya mbao nimeiacha, japo roho inauma, ilikuwa nzuri sebuleni. Kuna mtu Chumbageni anauza CDP-S110 iliyotumika. BesiYaPili, utanisindikiza kaka yangu?

BesiYaPili
Jumamosi saa kumi jioni, mchana tuna mazoezi. Njoo na mtoto, na betri sita mpya. Za muuzaji usiziamini.