Naomba ushauri: vipande vya samaki kwa Kifaransa vinanichanganya

Wakuu habari zenu, niko Lyon huku Ufaransa nasomea upishi, najiandaa na mtihani wa CAP (cheti cha ufundi cha huku). Upande wa mboga niko vizuri, julienne ni njiti nyembamba, brunoise ni vile vimchemraba vidogo vya kama milimita 3 hivi, karoti ikikatwa duara ni rondelle, kipande cha mkate ni tranche, cha keki ni part, punje ya kitunguu saumu ni gousse. Shida ni samaki. Salmoni akikatwa kukingama na mwiba wake wa kati na ngozi yake wanaita darne, kile kinofu kinene kisicho na mwiba ni pavé, halafu kuna tronçon, na mpishi akishaitisha huku sufuria iko motoni huna hata muda wa kuwaza. Nimeandika vikaratasi nikabandika mpaka kwenye friji lakini nikishika kisu bado nasita.

Naomba mliopita jikoni za huku mnisaidie, darne na tronçon mnazitofautisha vipi, ni aina ya samaki au ni unene wa kipande? Na limao la pembeni ya sahani niseme rondelle au tranche? Natanguliza shukrani, mtihani uko karibu.